Oscar: Historia yetu imetajwa, sisi wenyewe hatujaonyeshwa

Wandugu wachimbaji, wamama wa kambi, na ninyi vijana mnaopanda gari la moshi hapa Kamina kwenda kutafuta kazi Kolwezi na Likasi, leo tunaomba nafasi mu gazeti kwa kusema habari ya sinema. Msishangae. Ni habari ya kazi yetu.

Tarehe 23 mwezi wa kwanza 2025, kule Marekani walitangaza filme zinazoshindania zawadi ya Oscar. Mu fungu la dokumantere, maana yake filme za mambo ya kweli, walitaja tano. Moja ya zile tano inaitwa Soundtrack to a Coup d'Etat. Jina hilo linataka kusema muziki uliosindikiza kupinduliwa kwa serikali. Mwenye kuifanya ni Mbelgiji, Johan Grimonprez. Inachukua saa mbili na nusu, na habari yake kubwa ni Congo ya 1960 na 1961: uhuru, Lumumba, Katanga kujitenga, Union Minière, uranium ya Shinkolobwe. Tarehe 2 mwezi wa tatu 2025 walifungua bahasha na kutaja mshindi.

Mu sendika tuliulizana: hii inatuhusu nini? Wengine walisema tufurahi, Congo imetajwa. Wengine wakasema hayo ni mambo ya wazungu na nguo zao za kung'aa. Sisi hatukubaliani na upande wowote kati ya ile miwili. Habari inatuhusu, na inatuhusu sana, lakini furaha ya kutajwa peke yake haijazi sahani. Swali letu ni moja: historia iliyotoka kwa watu wa madini, na sasa inapigiwa makofi mbali, itarudi lini kwa watu wa madini wenyewe, mu luga yao, mahali wanapoishi?

Kwanza tuseme ukweli juu ya wakati. Tunajua tunaandika siku gani. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, na mwezi wa pili Bukavu nayo ikaanguka. Kuko wandugu zetu wanalala inje, kuko wengine hatujui kama wako wazima. Mtu anaweza kutuuliza: nchi inalia, ninyi mnasema filme? Tunajibu: angalieni filme yenyewe inasema nini. Inasema namna gani nchi ya uhuru wa siku chache ilipasuliwa, na madini yalikuwa katikati. Inaonyesha ONU ikikaa vikao New York wakati huku watu wanakufa. Inaonyesha wakubwa wa inchi za mbali wakisema amani kwa mdomo, na kutafuta shaba na uranium kwa mkono. Leo weka coltan ya Rubaya pale palipokuwa uranium ya Shinkolobwe, utaona kama hadithi imebadilika sana. Mtu anayetaka kuelewa vita ya leo, ile filme ni masomo yake. Njo maana tunasema haifai ibaki mu masinema ya Ulaya na Marekani.

Tuliiangalia. Mwenzetu mmoja alirudi toka Lubumbashi nayo mu ordinateur, na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Tulikaa watu kumi na wawili, wazee wa reli wawili ndani, mmoja akisoma na kutafsiri kwa sauti. Ilituchukua jioni mbili juu ya umeme. Tunaweza kuwaambia kilichomo.

Muna muziki mwingi, jazz ya Waamerika weusi. Muna Louis Armstrong, ambaye serikali ya Marekani ilimtuma kuzunguka Afrika mwaka 1960 na tarumbeta yake. Alifika mpaka Congo, watu wakamshangilia, na nyuma ya ule muziki watu wa ujasusi walikuwa na kazi yao nyingine. Muna Abbey Lincoln na Max Roach, wanamuziki, ambao mwezi wa pili 1961 waliingia na wenzao mu kikao cha Baraza la Usalama la ONU wakapiga kelele juu ya kifo cha Lumumba. Muna Andrée Blouin, mama aliyetembea Congo kuamsha wamama wenzake na akawa mkubwa wa protokole wa Lumumba. Muna mwandishi wetu In Koli Jean Bofane. Na katikati ya hayo yote muna Union Minière, ile sosiete iliyoundwa 1906, ile ambayo wababu zetu waliiita kwa jina moja tu: kazi.

Wazee walinyamaza sana. Mmoja alituambia turudishe nyuma mara tatu pahali palipoonekana Katanga ya zamani. Kisha mwishoni akauliza swali ambalo bado liko mu kichwa yetu: «Na sisi tuko upande gani wa hii filme?» Alikuwa na haki ya kuuliza. Sauti zinazobeba filme ile ni za marais, wajasusi, wanamuziki, waandishi. Ni sauti kubwa na zimepangwa vizuri. Mtu wa piki na koleo anapita mu picha, lakini hadithi haitoki mu kinywa yake.

Hatusemi hivi kwa kumlaumu Grimonprez. Kazi yake ni nzuri, na mtoto wa Ubelgiji kusema wazi namna inchi yake ilivyotutendea, hilo si jambo dogo. Tunasema hivi juu ya kuelewa namna gani filme inafanywa na namna gani inafika mu orodha ya Oscar. Kwa sababu kuna njia, na ile njia inafanana sana na njia ya madini.

Angalieni. Kwa dokumantere kuingia mu mashindano ya Oscar, lazima ionyeshwe kwanza mu sinema za miji iliyowekwa na sheria zao, kama Los Angeles au New York, kwa siku saba, ao ishinde zawadi mu festivali iliyo ku orodha yao. Kisha wanachama wanaofanya dokumantere wanapiga kura, wanabakiza 15. Wanapiga kura tena, wanabakiza 5. Hapo njo tunasema imetajwa. Mwishoni wanachama wote wa Academy, karibu elfu kumi, wanachagua mmoja. Hii ya Grimonprez ilianza safari mwezi wa kwanza 2024 ku festivali ya Sundance, Marekani, na ikapewa zawadi pale. Mwaka mzima ikatembea toka festivali mpaka festivali. Kila hatua inataka feza: tiketi, sinema, matangazo, watu wa kuzungumuza na magazeti. Kijana wa Kamina mwenye simu na akili nyingi hawezi kupanda ngazi ile peke yake, hata kama hadithi yake ni nzuri kupita zote.

Kwa filme za hadithi za inchi za inje, kuko mlango mwingine: kila inchi inatuma filme moja, na inayochagua ni kamati ya inchi ile, iliyokubaliwa na Academy. Sasa tuhesabu Congo imepita mu milango hii kwa bendera ya nani.

Mwaka 2013 filme Rebelle ilitajwa kwa Oscar. Habari yake ni mtoto msichana mu vita ya Afrika. Ilipigwa picha Kinshasa, na aliyebeba filme yote ku mabega ni Rachel Mwanza, msichana wa Kinshasa aliyekuwa ameishi mu njia, ambaye 2012 alipata zawadi ya mchezaji bora ku festivali ya Berlin. Bendera: Canada. Mwaka 2015 dokumantere Virunga ilitajwa, juu ya walinzi wa park wetu na mafuta ya petroli yanayotafutwa mule. Mwenye kuifanya: Mwingereza. Mwaka 2023 Baloji, mtoto aliyezaliwa Lubumbashi 1978, alifanya Augure, filme yenye Kiswahili na Lingala ndani, ikapata zawadi Cannes. Ilitumwa kwa Oscar, na bendera ilikuwa ya Ubelgiji. Haikufika mu zile 15. Na mwaka 2025, historia ya Lumumba na Union Minière: ni Mbelgiji tena.

Hatuna wivu na mtu. Baloji ni wetu, hata akipita kwa mlango wa Ubelgiji. Lakini mchimbaji anajua kusoma hesabu ya namna hii. Cobalt inatoka hapa sawa unga, inasafishwa mbali, hasa China, na inarudi ndani ya simu tunayoinunua kwa deni. Zamani mawe ya Shinkolobwe yalipanda reli na meli mpaka Olen, Ubelgiji, kutolewa radium. Baadaye uranium yake ilienda Marekani, na sehemu kubwa ya ile iliyotumikishwa kwa bomu ya Hiroshima 1945 ilitoka pale. Kila mara kitu kinatoka kibichi, kinapata bei kule kinakosafishwa, na mwenye shimo anabaki na shimo.

Na kwa filme, kitu kibichi ni nini? Ni picha za zamani. Filme ya Grimonprez imefanywa karibu yote na picha na sauti za zamani zilizounganishwa kwa ufundi. Picha za wakoloni, nyingi ziko Ubelgiji: ku Cinematek ya Brussels, ku muzé ya Tervuren. Mle muna reli ikijengwa, muna makambi, muna wababu zetu wakishuka mu shimo. Wakati ule wakubwa wa kazi na wamisionere walikuwa wanaonyesha filme mu makambi, tena zile zilizochaguliwa juu ya watu weusi, kwa sababu sheria ya mkoloni haikuruhusu mweusi kuangalia kila filme. Sinema ilifika kambini kabla ya uhuru, kwa kutufundisha kutii. Leo tuko huru, na filme inayotueleza namna uhuru ulivyoibiwa haifiki kambini. Jambo hili lituumize kidogo.

Kuko filme zingine ambazo hata mahali petu hawakuhitaji. Ile ya 2016 juu ya Jadotville, Likasi yetu, na maaskari wa Ireland wa ONU waliozungukwa pale 1961, ilipigwa picha Afrika ya Kusini. Filme Lumumba ya Raoul Peck ya 2000, ambayo tunaiheshimu, ilipigwa picha Zimbabwe na Msumbiji. Siku zile kwetu kulikuwa vita, na sababu ilieleweka. Lakini ona mwisho wake: mtoto wa Likasi anaangalia jina la mji wake ku televizyo, na barabara anazoziona si zake.

Mtu asituambie kwamba Wakongomani hawajui kazi hii. Mwaka 1999, Mweze Ngangura alichukua Étalon de Yennenga, zawadi kubwa ya Fespaco kule Ouagadougou, na Pièces d'identités. Ile Fespaco iko toka 1969. Mwaka 2011, Viva Riva! ya Djo Munga ilibeba zawadi sita za sinema ya Afrika. Mwezi wa pili 2025, Sammy Baloji wa Lubumbashi, yule aliyejulikana kwa picha za mabaki ya Gécamines, alipata zawadi ku festivali ya Rotterdam na filme yake L'arbre de l'authenticité. Akili iko. Mikono iko. Kinachokosekana ni ngazi.

Na hadithi? Hadithi ziko nyingi hapa Kamina hata bila kutoka mu mji. Ile baze yetu ya kijeshi, BAKA, Wabelgiji waliijenga kubwa kupita mahitaji ya mji, na walitaka kubaki nayo hata kisha uhuru. Mwezi wa saba 1960 maaskari wao wa parashuti walitumikia hapa. Kisha ONU ikaikamata. Mwezi wa kumi na moja 1964 ndege za Marekani zenye maparashuti wa Ubelgiji zilipita hapa kabla ya kushuka Stanleyville, ile tunaita leo Kisangani. Dunia nzima imepita ku kiwanja kile. Wazee wa hapa waliona ndege zile kwa macho yao, na wanakufa mmoja kwa mmoja bila mtu kuwawekea mikro.

Kuko hadithi ya Balubakat. Watu wanapenda kusema «Katanga ilijitenga», kana kwamba Katanga yote ilikubali. Huku kaskazini watu wa Jason Sendwe walikataa. Vijiji vilichomwa, watu walikimbia, vijana walisimama na mishale mbele ya bunduki za jandarmeri. Mchimbaji wa Kiluba aliyekuwa anafanya kazi Elisabethville mwaka 1961 alijikuta adui mu mji aliojenga, na wengi walienda kulala mu kambi ya wakimbizi ya ONU. Hiyo ni historia ya jamaa nyingi zinazosoma ukurasa huu. Mu nyumba nyingi haisemwi, na wajukuu wanarudia makosa yale yale ya «huyu wa hapa, huyu wa kule», wakati wa kugawanya kazi ku geti la sosiete.

Na kuko hadithi ambayo kila mwana sendika anapaswa kuijua kama vile anavyojua namba yake ya kazi. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière walisimamisha kazi wakiomba nyongeza ya mshahara, kwa kuwa vita ya Ulaya ilipandisha bei ya kila kitu. Huko Elisabethville walikusanyika ku kiwanja cha mpira. Maaskari wakafyatua risasi. Watu makumi walikufa, na Léonard Mpoyi, aliyekuwa anawasemea wenzake, akauawa. Hiyo hatujaiona mu orodha yoyote ya Oscar. Tunaitaja kwa sababu ile siku ya uwanja njo mama wa sendika zote za hapa. Mtoto wa mchimbaji anayejua majina ya wachezaji wa Real Madrid wote na hajui jina la Mpoyi, kosa si la mtoto.

Sasa tunaomba nini? Hatupendi kulalamika bila karatasi ya madai. Madai yetu ni matatu.

La kwanza: filme ionyeshwe kwetu. Wenye haki ya filme watoe ruhusa ya kuionyesha bure mu makambi ya wachimbaji na mu miji ya reli: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Luena, Bukama, Kamina, Malemba-Nkulu. Wasituambie kwamba tafsiri ya Kiswahili ni bei kali. Kule Uganda kuko watu wanaoitwa VJ, wanakaa mu chumba cha video na mikro, wanatafsiri filme yoyote mu Kiganda papo hapo, na watu wanaelewa kila kitu, hata wanacheka kuliko wale wa luga ya filme yenyewe. Sisi hapa tulifanya vile na watu kumi na wawili bila mikro. Inatakiwa shuka jeupe, projekta, groupe ya umeme na mafuta yake, mwalimu mmoja anayejua historia, na mzee mmoja aliyeona. Ukumbi wa paroisi ao wa shule unatosha. Saa mbili na nusu ni ndefu, basi tuigawanye siku mbili, na kila siku watu waulize maswali.

La pili linatuangalia sisi wenyewe, na haliombi ruhusa ya mtu. Watu wa kamera wanakuja mu karyeri kila wakati. Wanapiga picha ya mtoto mwenye mfuko ku mgongo, ya mama anayesafisha mawe mu maji, ya kijana anayeshuka mu shimo bila kamba. Wanaenda, na mara nyingi hawarudi. Toka leo tunaomba kila delege na kila chama cha wachimbaji wa mikono waulize mambo manne kabla kamera haijafunguliwa. Moja, filme ni ya nani na itaonyeshwa wapi. Mbili, mtu aliyepigwa picha siku nzima na kupoteza kazi yake ya siku, analipwa ngapi. Tatu, kama anataka, jina lake liandikwe mwishoni mwa filme na majina ya wengine. Kama hataki, sura yake ifichwe, kwa sababu kuko watu wamekuwa na matatizo na polisi ao na mkubwa wa kazi juu ya picha. Ine, kopi ya filme irudi ku karyeri ile ile. Waandike ku karatasi, watie saini, delege abaki na moja. Mtu wa kamera mwenye nia nzuri hatakataa. Atakayekataa, mumejua nia yake.

La tatu ni kwa serikali na kwa masosiete. Kodi ya madini ya 2018 inadai kila sosiete itoe angalau 0,3% ya biashara yake yote ya mwaka kwa maendeleo ya watu wa pale inapochimba, na kuko cahier des charges ambamo watu wanaandika mahitaji yao. Tunajua visima, shule na hospitali ni mbele. Hatusemi mtu aache maji ajenge sinema. Tunasema mu cahier ile, chini ya masomo ya vijana, kuwe mstari mmoja: vijana kumi wafundishwe kamera, sauti na kuunganisha picha, na wazee warekodiwe wangali wazima. Ile si feza nyingi mbele ya bei ya loli moja la mgodi. Na serikali yetu iombe Ubelgiji kopi za picha za zamani za Katanga, reli na makambi. Mwezi wa sita 2022 walirudisha jino la Lumumba, likazungushwa mpaka Shilatembo pale alipouawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Kama jino liliweza kurudi, mkanda wa filme nao unaweza kurudi. Na kwa ule mlango wa filme moja kwa kila inchi, tunaomba kamati ya Congo iwe ya watu wa kazi hii, wanaoangalia filme za Lubumbashi, Goma na Kisangani pamoja na za Kinshasa.

Tunasikia tayari mtu anasema: mchimbaji hana kofia ngumu, hana viatu, ninyi mnadai kamera. Mwenzetu, toka lini tulipewa kofia bila kusema? Kila kitu sendika ilipata, ilikipata kwa sababu mtu alieleza wazi hali yake mbele ya mtu asiyetaka kusikia. Zamani ilikuwa barua na mdomo. Leo ni picha. Sosiete inajua hayo vizuri; inafanya filme zake nzuri zenye shule mpya na watoto wanaocheka, na inaziweka ku intaneti. Ikiwa sisi hatuna yetu, ile yao itakuwa ukweli, na mu miaka hamsini mjukuu wako ataiangalia na kusema babu aliishi vizuri.

Tarehe 2 mwezi wa tatu 2025 filme ile haikushinda. Zile ingine nne nazo zina watu wao na machozi yao. Moja inasema juu ya Wapalestina wanaobomolewa nyumba, na sisi tunaojua maana ya kufukuzwa mu kijiji juu ya mgodi hatuwezi kuichukia.  Ilishindwa, lakini madai yetu hayabadiliki hata nukta moja. Sehemu ya sendika ya Kamina itakutana. Kila aliye na mzee nyumbani aliyefanya kazi ya reli, ya baze ao ya mgodi kabla ya 1965, aje na jina lake na umri wake mu karatasi. Tutaanza na zile simu tulizo nazo.